Bosi kaona prototaipu akadhani apu imeisha, nianzie wapi?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mimi ni developa, nina miaka miwili kazini. SACCOS moja ya wafanyabiashara wa sokoni hapa Morogoro wamenipa kazi ya apu ya wanachama, waone akiba zao, waombe mikopo, na wenye vitochi watumie menyu ya nyota na reli. Nikakaa wiki mbili nikachora kila kitu kwenye Figma (programu ya kuchorea skrini za apu), skrini 38, nikamuonyesha mwenyekiti. Akafurahi mno, akauliza mbona haijawekwa Play Store. Nikimwambia bado miezi minne ananiona tapeli. Rafiki yangu naye anasema prototaipu (mfano wa kujaribia kabla ya kutengeneza apu yenyewe) ni kupoteza muda, siku hizi unaiambia AI inakutolea apu nzima kwa siku moja. Nilitakiwa nianzie wapi? Na zile prototaipu za karatasi si za wanafunzi wa chuo tu?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa hio ya mwenyekiti, ila nikwambie ukweli, mwenyekiti hajakosea kitu. Umemuonyesha rangi za SACCOS yake, logo yake, salio linasoma, akigusa skrini inahama, ulitegemea aone nini? Mtu akikuta nyumba imepakwa rangi na mapazia yametundikwa hawezi kuinama aangalie kama msingi umechimbwa. Macho yake yameshamwambia imeisha, na macho ya mtu hushindani nayo kwa maneno.

Kosa lilianza nyuma ya hapo, siku umefungua Figma bila kujua unataka kujua nini. Mimi prototaipu naichukulia kama swali, unauliza kwa vitendo badala ya mdomo. Sasa jiulize zile skrini 38 zilikuwa zinauliza nini? Ukichora kila kitu kwa mkupuo unapata jibu moja tu, "imependeza", na hilo jibu halikusaidii chochote maana kila mtu mwenye adabu zake atakwambia imependeza.

Na kwa SACCOS maswali yapo tena magumu. Mwanachama akiona hisa, akiba na amana zimepangwa mistari mitatu kwenye simu, anajua ipi ni ipi, ama kichwani kwake ana "hela yangu ya kule" basi? Alafu kuna wadhamini, na hapa nataka utulie kidogo. Leo mtu akitaka mkopo anazunguka na fomu sokoni, anamkuta jirani yake wa meza ya pili, wanasalimiana, anamwomba sahihi, wanaangaliana usoni, wakikubaliana wamekubaliana. We kwenye apu unataka yule mdhamini apate ujumbe abonyeze "Nakubali" akiwa peke yake nyumbani saa tatu usiku. Atabonyeza? Ama ataona aibu kukataa, ataona hatari kukubali, kwa hio atakaa kimya siku nne na mkopo wa mwenzie umekwama na mwenzie anaanza kuilaumu apu? Hilo swali linaweza kuua kazi yako yote na halina uhusiano wowote na rangi wala fonti. Kuna kamati ya mikopo pia, watu wamezoea kukaa na mafaili mezani wanamjadili mtu kwa jina lake na historia yake, we unawapa kitufe cha "Idhinisha". Watakitumia, au watafanya kikao vilevile kama zamani alafu katibu ndo aende kubonyeza kwa niaba ya wote? Kama ni hivyo basi unatengeneza skrini ya katibu, sio ya kamati, na hizo ni skrini mbili tofauti kabisa.

Ningekuwa mimi ningeanza na la wadhamini, alafu ningetafuta kitu cha bei rahisi kuliko vyote kinachoweza kulijibu. Na hapo ndo karatasi inapoingia, kwa hio hio dhana ya kwamba karatasi ni ya wanafunzi naomba uiweke pembeni. Unachukua manila unakata kipande saizi ya simu kabisa, usikate kikubwa kuliko simu maana utajidanganya, unaandika kwa mkono na maka pen, kila skrini kipande chake, kile kinachojitokeza juu ya skrini nacho kipande chake kidogo unakibandika. Mnaenda watu watatu. Mmoja anaongea na mtumiaji, mmoja ndo "kompyuta", kazi yake akiona kidole kimegusa anabadilisha karatasi na hasemi neno hata moja, wa tatu anaandika anachokiona.

Nikupe moja niliyoiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na kazi ya kikundi cha kukopeshana cha akina mama wauza samaki. Fomu ya mkopo ilikuwa fupi sana, kiasi, miezi, alafu chini kitufe. Kwenye kitufe niliandika "Tuma". Nikaona ni neno jepesi, fomu inatumwa, nani asiyejua tuma. Mama wa kwanza akafuta mkono kwenye kanga, akashika karatasi, akaandika kwa penseli laki tatu, akaandika miezi sita, kidole kikashuka mpaka kwenye kitufe kikasimama. Akakirudisha. Akatuangalia. Hakuna aliyeongea, tulikuwa tumekubaliana kunyamaza. Akasema "sasa mbona nitume, si mimi ndo naomba?" Kimya. Akaweka karatasi chini taratibu, "hela sina mwanangu, ndo maana nakopa".

Yaani kwake neno tuma likiwa kwenye simu lina maana moja tu, hela inatoka. Na yupo sahihi, miaka yote simu imemfundisha hivyo. Mama wa pili akasimama palepale, wa tatu naye palepale. Tukachukua mkasi tukakata kipande kipya tukaandika "Omba mkopo", haikufika dakika tano, mama wa nne akabonyeza bila hata kufikiria na wa tano vilevile. Sasa piga hesabu kama lile neno ningeligundua apu ikiwa tayari kwenye simu za wanachama 400, watu wanajaza fomu alafu hawamalizii, na mimi nipo ofisini natafuta tatizo kwenye seva.

Usidhani ni sisi tu. Apple walipokuwa wanatengeneza kompyuta yao ya Lisa, ile iliyotoka 1983, kitufe cha kukubali kilikuwa kimeandikwa "Do It". Nafasi kati ya maneno mawili ilikuwa ndogo, kwenye majaribio mtu mmoja akasoma "dolt", ambayo kwa Kiingereza ni mpumbavu, akakasirika kwanini kompyuta inamtukana. Wakabadilisha ikawa "OK", na ndo hio OK tunayobonyeza mpaka leo dunia nzima. Wale walikuwa wahandisi wa hali ya juu kabisa na wote walikuwa wanakiona kile kitufe kila siku, ila mwenye kukizoea kitu hakioni tena.

Kuna kitu kinahusu sisi zaidi, adabu. Mtumiaji wako hasa akiwa mtu mzima hatataka kukuvunja moyo, we ni kijana umekuja na karatasi zako, atakwambia nzuri sana mwanangu Mungu akubariki. Kwa hio usimuulize kama ni nzuri. Mpe kazi afanye. "Mama, tuseme leo unataka kujua mkopo wako umebaki shilingi ngapi, fanya." Alafu funga mdomo. Na kabla ya kuanza mwambie wazi, "mama, hatukupimi wewe, tunaipima hii karatasi, ikikushinda imefeli yenyewe", utaona hata mabega yanashuka. Atakuuliza "hapa nibonyeze?", usijibu ndio wala hapana, sema "tungekuwa hatupo hapa ungefanyaje?" Hio ni ngumu kuliko kuandika programu, nakwambia, mkono utakuwasha kumuonyesha. Ukimuonyesha tu umepoteza jibu ulilolifuata.

Watu wangapi? Jakob Nielsen, mtaalamu wa majaribio ya namna hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha kama asilimia 85 ya matatizo, hesabu yake ilitokana na kwamba mtu mmoja kwa wastani anaibua asilimia 31, wa pili anarudia mengi ya wa kwanza anaongeza machache, hivyo hivyo mpaka wa tano unaona mambo yaleyale. Ila watu wanaisoma nusu. Alichosema ni kwamba kama una bajeti ya watu 15 usiwachukue wote siku moja, fanya watano, rekebisha, watano tena, rekebisha, watano tena. Na watano ni wa kundi moja. Mama wa sokoni na mhasibu wa SACCOS ni watu wawili tofauti, kila kundi linataka watu wake. Asilimia zenyewe usizishike kama msahafu, zinategemea kitu unachopima, ila mzunguko wa kupima na kurekebisha huo ushike.

Sasa menyu ya nyota na reli, hapa una bahati maana kuipima hakuhitaji hata karatasi. Chukua simu mbili. Moja mpe mwanachama, nyingine kaa nayo wewe chumba cha pili. Mtumie meseji ya kawaida, "Karibu. 1. Salio 2. Omba mkopo 3. Dhamini 4. Badili namba ya siri". Akijibu 2 unamtumia menyu inayofuata, umeshaziandaa kwenye noti unakopi na kupesti. Yeye anaona mashine inamjibu, kumbe ni wewe. Akimaliza unamwambia ukweli, sio vizuri mtu aondoke anaamini alichoambiwa na "mashine", na kama kuna mkopo aliomba kwenye majaribio ajue haupo. Huu mtindo wa mtu kukaa nyuma ya pazia ni wa zamani. John Gould na wenzake wa IBM walichapisha mwaka 1983 majaribio ya taipureta inayosikiliza, mtu anaongea kwenye maikrofoni na maneno yanatokea kwenye skrini, wakati ule kompyuta haikuweza hio kazi, kulikuwa na mpiga chapa chumba kingine ndo anayeandika. Walitaka kujua mtu ataandikaje barua kwa kuongea kabla ya kumwaga hela kutengeneza mashine yenyewe. Simu mbili na meseji ni kitu kilekile.

Mambo mawili meseji itakuficha, uyajue. Meseji inasubiri, menyu ya nyota haisubiri, mtu akienda kutafuta miwani inakatika anaanza upya. Kwa hio weka saa, akichelewa mtumie "muda umeisha" kama ilivyo kweli, uone anafanya nini. La pili ni nafasi, ujumbe mmoja wa USSD (ndo hio menyu ya nyota na reli) una herufi 182 tu, na Kiswahili chetu maneno ni marefu. "Badili namba ya siri" peke yake ni herufi 20 na nafasi zake. Hesabu herufi sasa hivi ukiwa na karatasi, usije ukagundua siku ya kuunganisha na mtandao wa simu kwamba menyu yako imekatwa katikati.

Nakuja kwenye Figma, maana usije ukadhani naipinga, natumia kila wiki. Figma ni nzuri swali lako likiwa la macho na kidole: je kitufe kinaonekana juani, je mtu mwenye vidole vinene anakigusa bila kugusa cha jirani (Apple wanashauri pointi 44 na Android dp 48, ndo vipimo vyao vya ukubwa kwenye skrini, usishuke hapo), je anaona kwamba chini kuna vitu zaidi ama anadhani skrini imeishia hapo. Hayo karatasi haiwezi kukujibu. Ila iweke kwenye simu ya bei ndogo ambayo wanachama wanatumia, yenye kioo kimepasuka kona, usiipime kwenye laptop yako. Na usiandike maneno ya kujazia, andika maneno yenyewe ya Kiswahili toka siku ya kwanza, kitufe kilichotoshea neno la Kiingereza la herufi sita hakitatoshea "Thibitisha malipo".

Kitu ambacho skrini za kuchora zitakudanganya ni namba. Ukigusa kisanduku laki tano inajiandika yenyewe, safi. Kwenye maisha mtu anaandika 500000 kwa kidole na anaanza kuhesabu sifuri, nimeona watu wanahesabu kwa kuweka ukucha juu ya kioo, moja mbili tatu, anapotea anarudia. Bila mkato wa maelfu na bila maneno "laki tano" kutokea chini yake, mtu anaomba milioni tano akiwa anataka laki tano. Kwa hicho kipande kimoja andika programu kweli, ukurasa mmoja wenye kisanduku kimoja, ukipata jibu unautupa.

Neno kutupa ndo jibu langu kwa rafiki yako wa AI. Hajakosea kwamba inatoa skrini haraka, nami naitumia kwa vipande kama hicho cha namba. Ila angalia tatizo lako lilikuwa nini, mwenyekiti kaona kitu kimekamilika wakati hakijakamilika. Apu iliyotolewa kwa siku moja italifanya hilo tatizo kuwa kubwa mara kumi, maana sasa hata inaingia na inatoka. Siku mwenyekiti atakaposema "hii hii, iwekeni", utakuwa na hela za watu juu ya kitu ambacho hakuna aliyekagua kinatunzaje salio likigongana na muamala mwingine. Haraka ya kutengeneza haijawahi kuwa shida ya SACCOS. Yule mdhamini aliyekaa na simu saa tatu usiku hajajibiwa bado. Na naomba sana, kwenye prototaipu yoyote usiweke majina na salio za wanachama wa kweli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, na mbali ya sheria hakuna mwanachama anayetaka jirani yake wa meza aone deni lake kwenye maonyesho yako. Tunga majina.

Lile la wadhamini sasa, maana karatasi ya dakika kumi hailimalizi, aibu haiji mara moja. Chukua wanachama watatu wanaotaka mkopo kweli mwezi huu, ongea na uongozi, wao waendelee na fomu yao ya kawaida, ila ombi la mdhamini wewe ulipeleke kwa meseji badala ya mtu kwenda na fomu. "Fulani anakuomba umdhamini mkopo wa laki nane. Jibu 1 kukubali, 2 kukataa." Alafu subiri, andika kila mdhamini amejibu baada ya muda gani, na kesho yake nenda kaongee naye kwa upole umuulize alifanya nini alipoona ile meseji. Nahisi wengi watakwambia walimpigia simu kwanza mwombaji. Kama ndo hivyo basi apu haitakiwi kuondoa yale mazungumzo, inatakiwa ije baada yake.

Na hapo ndo unaona faida ya kuacha watu watumie kitu kidogo kwenye maisha yao badala ya kwenye kikao chako. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya, Oktoba 2005, ilitengenezwa ili watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Kwenye majaribio, Nairobi na Thika, wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao mengine, kutumiana hela wao kwa wao, mtu anaweka hela kwenye simu anasafiri anaitoa mbele ya safari. Ilipozinduliwa Machi 2007 ikauzwa kama huduma ya kutuma hela. Yale yalikuwa majaribio makubwa yenye mawakala na hela za kweli, sio prototaipu ya karatasi, nisikuchanganye, ila kilichowapa jibu ni kuangalia watu wanafanya nini bila kuwakatalia.

Nikupe na ile ya Palm, kampuni ya kompyuta ndogo za mkononi, kabla sijarudi kwa mwenyekiti wako. Jeff Hawkins kabla ya Palm Pilot kutoka 1996 alikata kipande cha mbao saizi ya kuingia mfuko wa shati, akawa anatembea nacho kutwa nzima, mtu akimuomba miadi anakitoa anajifanya anaandika kwa kijiti cha kulia chakula. Mbao tupu. Ila swali lake lilikuwa moja, je nitakubali kutembea na kitu cha ukubwa huu na nitakitoa mfukoni lini, na kwa swali hilo mbao ilitosha.

Mwenyekiti sasa. Usirudi na maelezo ya miezi minne, rudi na karatasi. Mwambie mzee zile picha za mwanzo zilikuwa za kuonyesha sura, sasa nimekuja kwenye kazi yenyewe na nahitaji mchango wako. Weka vipande mezani, weka mkasi na maka pen karibu na mkono wake kabisa, mwombe akuonyeshe mkopo unapitaje toka fomu mpaka hela kutoka. Ataanza kusogeza vipande, atasema hapana hii haiwezi kuja kabla ya mhasibu kukagua, ataandika juu yake, na kitu alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe hatauliza kwanini hakipo Play Store. Kuanzia hapo kila utakachomuonyesha kifanane na kilipofikia, kama bado ni wazo kiwe na mistari ya mkono na kijivu, rangi za SACCOS zibaki kwenye faili mpaka siku hesabu za nyuma zinafanya kazi. Na kwenye mkataba ongeza sentensi moja kwamba prototaipu ni ya majaribio na haitatumika kama mfumo, asaini yeye na katibu wake.

Anza Jumatatu na wale waombaji watatu. Ukipata majibu ya wadhamini niandikie, hasa nataka kujua kuna yeyote aliyejibu 2, na alimwambia nini mwenzie walipokutana sokoni asubuhi.